Tulivyomfundisha Nyangeta Kunyamaza

Siku waliyoniaga nilipostaafu, mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akanisifu kwamba Madam Nyamisi alikuwa akikohoa tu nje ya darasa, watoto tisini wananyamaza kama hawapo. Watu wakapiga makofi. Nikapewa vitenge viwili na beseni, nikashukuru, nikarudi nyumbani kwangu Nyasho na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Simlaumu yule mwalimu mkuu, bado kijana. Hakunijua nilipoanza kazi, alisikia kwa watu tu. Sifa ile niliipata miaka yangu ya mwanzo, ikanifuata shule hadi shule kama harufu ya moshi kwenye nguo. Kinachoniudhi ni kwamba kati ya yote niliyofanya tangu nishike chaki, lililopigiwa makofi ni lile ninaloliona aibu. Na waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote walikuwa walimu wenzangu, ninyi vijana, ambao mliniomba niwaandikie mbinu za kulimudu darasa. Haya, naandika. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa nimeviacha, havitawasaidia kitu.

Nadharia mliyosoma chuoni ndiyo tuliyosoma sisi. Vitabu vyenu vina majalada mazuri zaidi, basi. Tabia inayofuatwa na jambo zuri hurudiwa, inayofuatwa na maumivu hupungua. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukafaulu. Mkufunzi wetu wa saikolojia, Mzee Machumu, hakuridhika na kukariri. Siku moja aliingia darasani na kuku jike kwapani, mweupe, aliyemwomba jikoni kwa mpishi wa chuo. Akaweka kitambaa chekundu sakafuni. Kuku akigeukia upande wa kitambaa, anatupiwa punje moja ya mtama. Akisogea, punje nyingine. Vipindi viwili havijaisha, yule kuku alikuwa akikimbilia kitambaa na kukidonoa kama amezaliwa nacho.

Mwenzetu mmoja akauliza, je, tukitaka aache? Mzee Machumu akampa rula ndefu ya ubaoni akamwambia ajaribu. Kuku akadonoa kitambaa, rula ikapigwa mezani kwa kishindo. Kuku aliruka akatokea dirishani, na hakuonekana tena siku ile. Mzee Machumu alifuta ubao taratibu kisha akatuambia, "Hamjamfundisha kuacha kitambaa. Mmemfundisha kwamba hapa ndani si mahali pa kukaa."

Tulicheka sana. Mpishi hakucheka. Nikaandika maneno yale kwenye daftari langu, nikalifunga, na nilipofika kazini nikafanya kana kwamba sijawahi kuyasikia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi ya ndani kutoka Kiabakari. Ukishuka kwenye lami unatembea karibu saa nzima kati ya mashamba ya mihogo na mashimo ya zamani yaliyoachwa na watu waliotafuta dhahabu. Nilifika na sanduku la bati na godoro. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanikabidhi boksi la chaki, rejista ya darasa la kwanza na fimbo ya mpera, akanionyesha na juu ya kabati alikotunza za akiba. Vitabu vya kusomea vilikuwa vichache, vimefungiwa ndani ili visichakae.

Halafu akanionyesha kibao. Kilikuwa kipande cha mbao ukubwa wa sahani, kimetobolewa na kupitishwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NIMEONGEA KILUGHA. Mtoto akinaswa anasema neno la lugha ya nyumbani, anavishwa shingoni. Anakaa nacho mpaka naye amnase mwenzake, ndipo anamvisha. Atakayekutwa nacho kwenye paredi ya jioni anachapwa. Msiniambie mambo hayo yameisha. Mwaka jana tu, kwenye shule moja ambayo sitaitaja, nilikiona kingine, hicho kimechapwa kwa kompyuta na kuwekwa nailoni juu kisilowe.

Sasa fikirini darasa la kwanza la kule. Watoto wa wafugaji na wakulima, nyumbani wanaongea Kizanaki tangu wanazaliwa. Kiswahili walichokuwa nacho wengi wao ni shikamoo, ndiyo, hapana, na naomba kwenda chooni. Ukimwambia mtoto huyo asiongee lugha ya nyumbani, umemwambia asiongee. Hilo halihitaji chuo kulielewa. Mimi mwenyewe nimekulia Nyegina, nilianza shule nikijua Kijita peke yake, nilipaswa kulielewa kuliko mtu yeyote. Lakini nilikuwa mgeni kazini, nilitaka kuonekana naweza, nikakitumia kibao kile kila siku ya Mungu. Baada ya wiki tatu darasa langu lilikuwa kimya kiasi kwamba mwalimu mkuu aliwaleta wenzangu walitazame. Hapo ndipo sifa ya kikohozi ilipoanzia.

Katika darasa hilo alikuwemo Nyangeta. Alikuwa na umri wa miaka saba, mwembamba, ana pengo la meno mawili mbele, na siku ya kwanza alinifuata mpaka mlangoni akinisimulia habari ndefu ambayo mimi nilielewa nusu yake. Ilihusu ndama. Kwao walikuwa na ndama aliyezaliwa wiki hiyo, na kwa jinsi alivyokuwa akionyesha kwa mikono, alikuwa ndama wa ajabu. Wiki ile ya kwanza alivaa kibao kila siku. Wiki ya pili mara mbili. Wiki ya tatu hakuvaa kabisa. Kwenye rejista, sehemu ya maoni ya mwalimu, niliandika neno moja: "Ametulia."

Rejista zile ziliozea kabatini bila mtu kuzisoma. Ningeweza kuupata ukurasa ule, ningeuchana.

Nyangeta alikaa dawati moja na binamu yake, Mugeta, mtoto mtundu wa umri wake. Siku moja ya mvua za masika, wakati wa mapumziko, walimu tulikuwa ofisini tunakunywa chai. Nyangeta akatokea mlangoni. Gauni lilikuwa limelowa chini, ana matope mpaka magotini. Akasema neno moja la Kizanaki. Mwalimu wa zamu akamwonyesha kibao, ambacho siku hiyo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari pale pale mlangoni. Mtoto akakitazama, akanyamaza.

Mimi nikamwambia, "Sema Kiswahili, Nyangeta."

Akafungua mdomo. "Mwalimu," akasema. Tukamsubiri. Akafunga mdomo, akafungua tena, sauti haikutoka. Akaja akanishika sketi akaivuta. Nilikuwa nimeivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza na mikono yake ilikuwa na matope. Niliutoa mkono wake nikamwambia akanawe, aende darasani. Wenzangu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaenda. Kengele ilipogongwa alikuwa ameketi kwenye dawati lake, mikono juu ya meza kama tulivyowafundisha, nami nikafundisha kujumlisha.

Niligundua dawati lina mtoto mmoja nilipokuwa nakusanya madaftari. Nikauliza Mugeta yuko wapi. Darasa zima likanitazama. Nilimuuliza Nyangeta mara mbili, akainamisha kichwa. Nikadhani Mugeta ametoroka, nikaandika jina lake ili kesho ashughulikiwe. Aliyemkuta ni mwanafunzi wa darasa la tano aliyetumwa maji. Alisikia sauti kwenye moja ya mashimo nyuma ya shule. Mvua ilikuwa imelijaza maji nusu. Mugeta alikuwa ndani, maji yanamfika kifuani, ameshika mzizi, mguu umevunjika chini ya goti. Alikaa humo karibu saa mbili na nusu, kutoka mapumziko mpaka wanaume wa kitongoji walipokuja na kamba. Walimbeba kwa baiskeli mpaka kituo cha afya, huko wakamfunga plasta nzito. Mguu uliunga vibaya. Anachechemea hadi leo, nimemwona kwa macho yangu pale Kiabakari, anashona viatu.

Angekufa, ningeandika habari nyingine, au nisingeandika kabisa.

Kesho yake wazazi walikuja juu, na habari zikafika kwamba mratibu elimu wa kata anakuja. Mwalimu mkuu alihitaji kuwa na hatua iliyochukuliwa. Hakuita watu wa kufukia mashimo. Hakuuliza kwa nini mtoto alifika mpaka ofisini tukamrudisha. Alifungua kitabu cha adhabu akaandika jina la Nyangeta, na kwenye nafasi ya kosa akaandika: "Kutotoa taarifa." Kisha akanigeukia mimi mwalimu wa darasa akanipa idhini ya kutekeleza, kwa sababu utaratibu lazima ufuatwe.

Mngependa niandike hapa kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimchapa viboko vinne viganjani, mbele ya paredi. Hakulia. Baada ya viwili vya mkono wa kulia aliushusha mwenyewe, akanyoosha wa kushoto kabla sijamwambia.

Nimefundisha watoto wengi sana tangu siku ile. Wengine nimewasahau majina na sura. Ule mkono wa kushoto unavyopanda sijausahau.

Darasa la pili lilifundishwa na mama mmoja mtu mzima, Mwalimu Nyanjura, jirani yangu kwenye nyumba za walimu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ile alikuja kunisalimia, akakaa kwenye kigoda akichambua mboga zake, akaniuliza kama anauliza habari za mvua, "Nyamisi, leo umemfundisha nini yule mtoto?"

Nikajibu kwamba nimemfundisha kutoa taarifa.

"Alipokuja kutoa taarifa, alipata nini?"

Akachukua fungu lingine la mboga.

"Alisema, akafukuzwa. Akanyamaza, akachapwa. Sasa kesho afanye lipi?"

Akamaliza mboga zake akaondoka. Nilifungua sanduku la bati nikatafuta daftari la chuoni. Nilisoma kurasa zile kama mtu anayesoma barua ya kumfukuza kazi. Kila kitu kilikuwemo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: adhabu haifundishi la kufanya, inafundisha la kuficha, na anayeadhibiwa huhusisha maumivu na kila kilichokuwepo pale, mahali, sauti, hata mtu. Hatukukosa elimu. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye semina huwa tunaambiwa walimu wanachapa kwa kukosa mafunzo. Mafunzo tulipewa. Tulichukua nusu iliyotufaa sisi, nusu ya fimbo, maana ndiyo nusu isiyohitaji maandalizi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwao Nyangeta. Alikuwa akiishi na bibi yake, mama wa baba yake. Bibi hakuongea Kiswahili, mjomba wa mtoto ndiye aliyekuwa akitafsiri. Walinikaribisha, wakanipa maziwa, nikaomba msamaha kwa jinsi nilivyoweza. Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Alichojibu kilikuwa kifupi, na mjomba alisita kabla ya kukitafsiri. "Anasema, sisi tuliwapa mtoto anayeongea."

Nyangeta alikuwa nje anachunga ndama. Nilimsikia kutoka ndani akiwakemea kwa sauti kubwa. Nilipotoka akanyamaza.

Jumatatu nilikitoa kibao msumarini, nikakipasua kwa shoka, nikakitia kwenye moto wa Mwalimu Nyanjura. Maharage yaliiva. Mwalimu mkuu alinitaka nieleze kwa maandishi kwa nini nimeharibu mali ya shule. Nikaandika kwamba niko tayari kuleta mbao nyingine ya ukubwa ule ule, isiyoandikwa kitu. Hakunijibu, ila mwaka ule wote sikupewa ruhusa hata ya kwenda kumzika shangazi. Alihamishwa baadaye kwa taratibu za kawaida. Hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu shimo, kibao wala vile viboko vinne. Kitabu cha adhabu kilikuwa kimejazwa vizuri, basi.

Sasa mbinu, mlizoniomba.

Niliokota vizibo vya soda kwenye maduka ya Kiabakari, nikavichemsha, nikavigonga kingo zisikate. Nikampa kila mtoto kopo lake juu ya dawati. Mtoto akithubutu, namtilia kizibo. Sikusema akipatia, nimesema akithubutu. Ukisubiri apatie utasubiri mpaka ustaafu. Mtoto aliyenyamazishwa haanzi kwa kuongea. Kwa Nyangeta nilianza na macho: siku aliyoinua uso nilipomwita jina, kizibo kililia ndani ya kopo, pale pale, kabla hajainamisha tena. Kuahidi zawadi ya Ijumaa kwa jambo la Jumatatu ni porojo. Mpaka Ijumaa mtoto ameshasahau unamshukuru kwa lipi. Baadaye nikataka ainue mkono. Baadaye atikise midomo na wenzake wakiimba. Na kizibo kikishaingia, hakitoki. Kuna mwenzangu mmoja alikuwa akiwanyang'anya vizibo watoto wanaopiga kelele, akashangaa mbona mbinu yangu kwake haifanyi kazi. Alikuwa amegeuza kizibo kuwa fimbo. Mtoto akifikisha vizibo kumi anakwenda kugonga kengele, rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi. Hakuna zawadi niliyowahi kuinunua iliyoizidi nguvu dakika ile ya kupiga chuma huku shule nzima ikisimama.

Iliwasaidia wengi. Nyangeta alifika kwenye kutikisa midomo akakwama hapo, wiki nne, tano. Kopo lake lilijaa na sauti haikutoka. Nadharia ilikuwa imefika mwisho wake, au mimi nilikuwa nimefika mwisho wangu.

Asubuhi moja, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa hekima, nikaliambia darasa kwamba leo mwalimu ni mjinga na wao ndio walimu. Nitanyoosha kidole kwenye kitu, waniambie kinaitwaje nyumbani kwao. Walitazamana. Walitazama nje, upande wa ofisi kulikokuwa na msumari mtupu. Mmoja akasema neno la ng'ombe, nikalirudia vibaya, wakacheka kwa kujizuia. Nikalikosea zaidi. Tukaenda kwenye kisu, moto, maji. Kizanaki na Kijita vinakaribiana kiasi cha kukupotosha, na mimi nilipotea kila neno. Darasa zima lilikuwa limechanika kwa kicheko. Nikachora duara ubaoni nikalipaka jeusi ndani, nikauliza, na hili shimo? Nikajaribu mwenyewe kwa neno la kwetu.

Nyangeta akasema, "Siyo hivyo." Kwa Kiswahili. Kisha akalisema neno lenyewe kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mdogo, na akangoja nilirudie.

Nililirudia mpaka akaridhika. Sikumtilia kizibo. Ningemtusi.

Alisoma. Kiswahili chake mwisho wa mwaka kilikuwa cha kuunga-unga lakini cha sauti. Alimaliza darasa la saba akiwa mmoja wa waliofaulu kwenda sekondari, mimi nikiwa nimeshahamishiwa Bunda. Sijui kama alinisamehe. Sikumuuliza, kwa sababu mtoto akiulizwa hivyo na mwalimu anajua jibu linalotakiwa.

Bunda nilikaa miaka mingi, shule ya mjini, majengo mazuri. Huko nilikutana na balaa la upande mwingine. Baada ya semina moja ya motisha, mwalimu wa taaluma, bwana mmoja hodari wa kazi aliyeitwa Wambura, alibandika ukutani karatasi mbili kubwa. Moja ya nyota, kwa waliofanya vizuri. Nyingine ilikuwa na kichwa cha habari WAVIVU WA WIKI. Nyota zilikwenda kwa watoto wale wale watatu kila wiki: wa mwenye duka la pembejeo, wa nesi, na wa Wambura mwenyewe. Kwenye wavivu nilimkuta binti mmoja wa darasa langu ambaye msimu ule wa pamba alikuwa akiamka kwenda shambani kabla ya kuja shule, anasinzia kipindi cha kwanza. Nilimwambia Wambura kwamba zawadi ambayo mtu anajua hataipata haimsukumi popote. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba aibu nayo ni motisha. Nilibishana naye kikao kizima. Nikashindwa kwa kura. Ile karatasi ya pili ilikaa ukutani hadi mvua ilipovuja ikaishusha, na yule binti alishaacha shule tangu zamani. Watu walimtaja kwenye kikao cha wazazi kama mfano wa watoto wasiopenda elimu. Nilisimama nikasema alikuwa anapenda elimu, tulichomfundisha ni kuchukia ukuta. Nilionekana mkorofi. Tangu hapo nilikuwaga mkorofi wa vikao, sikuacha.

Musoma ndiko nilikomalizia. Huko nilifundisha jirani na Mwalimu Bwire, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Kijana msafi, anafika mapema, ananunulia watoto kalamu kutoka mfukoni mwake. Na alikuwa akichapa. Alichapa kosa la hesabu, alichapa kuchelewa, alichapa kutojibu. Siku moja alirusha kwenye kundi la walimu la WhatsApp video ya mtoto aliyesimama ubaoni akishindwa kusoma neno, anatetemeka, na wenzangu wakaweka vikatuni vya kucheka machozi. Nilitoka darasani kwangu nikaenda kwake nikamwambia aifute mbele yangu. Akaifuta. Alikuwa na heshima. Lakini akasema, "Madam, hata sisi tulikuwaga tunachapwa, na si tumekuwa watu?"

Hilo swali mmeniuliza wengi. Nilimjibu nitakavyowajibu na ninyi. Nilimwomba anitajie majina ya wenzake aliokaa nao darasa la kwanza. Akaanza kutaja. Nikamwomba aendelee na wale ambao hawakufika darasa la saba. Akataja mmoja, wawili, akataja wa tatu akasita, wa nne alikuwa dada yake.

"Hao ndio wa kuwauliza," nikamwambia. "Wewe ulibaki. Kuku aliyebaki chumbani hawezi kutueleza yule aliyeruka dirishani aliona nini." Ilibidi nimweleze habari za kuku.

Hakuniambia ameacha. Niliona tu fimbo haipo. Zilipita wiki kadhaa, nikiwa nahesabu siku zangu za mwisho, akaja kuniomba nikae nyuma ya darasa lake nimtazame. Nilikaa. Alifundisha vizuri, alikuwa amejiandaa, ana vizibo vyake kwenye kikombe. Akamwita yule yule mtoto wa kwenye video, ubaoni. Mtoto akasoma silabi mbili, akakosea ya tatu. Bwire akanyoosha mkono kuchukua chaki iliyokuwa mezani ili amwandikie neno upya.

Mtoto akaruka nyuma, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Bwire alisimama na chaki mkononi. Baada ya kipindi alinifuata nje amekasirika, macho mekundu. "Madam, sijamgusa mtoto yule zaidi ya mwezi. Mbona bado anajikinga?"

"Wewe uliacha mwezi uliopita," nikamwambia. "Mwili wake haujapata taarifa."

Akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia sijui. Kitabuni wameandika kwamba hofu iliyofundishwa hufifia isipolishwa, hawakuandika siku ngapi, na hawakuandika nani anazilipa. Nilimwambia arudi ndani na kesho arudi tena, asimwite ubaoni kwa sasa, amfuate yeye dawatini, achuchumae awe chini yake, mikono yote ionekane.

Alirudi. Nilimtazama kupitia dirishani. Alichuchumaa kando ya dawati, akaweka chaki juu ya meza, akairudisha mikono yake magotini. Mtoto aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Chaki hakuigusa siku hiyo, na Bwire hakumwambia aiguse.